Alama ya Mzinga na Tovuti ya Shija

Nakumbuka alasiri moja katika msitu wa Ipole, nikiwa kijana ambaye ndevu zake bado zilihesabika, nikimfuata mjomba wangu Lukasi kwenda kurina asali. Nyuma yake tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Petro, tumebeba ndoo, kamba na magome makavu ya kufukizia moshi. Mwaka ule maua yalikuwa machache. Mizinga mingi ya mjomba tuliikuta mitupu, nyuki wamehama, na kadiri jua lilivyoteremka ndivyo ndoo zetu zilivyozidi kutuaibisha kwa wepesi.

Ndipo tukausikia mzinga mmoja wa gogo, umetundikwa juu ya mti, ukivuma kama waumini wanaosali kwa sauti ya chini.

"Mjomba, huu umejaa," alisema Petro, naye alikwisha kuukumbatia mti.

"Wa nani?"

"Wa nani tena? Tazama ulivyochakaa. Mwenyewe alishakufa siku nyingi."

"Basi shuka."

"Mjomba, marehemu hali asali!"

"Amekufa yeye, alama yake haijafa. Shuka, Petro, kabla nyuki hawajakufundisha kile nilichoshindwa mimi."

Mwanangu, huenda umekulia mjini na hujui. Huku kwetu mtu akichonga mzinga, huukata alama usoni kwa kisu au shoka, na kila ukoo una alama yake. Msitu ni mpana na hauna mlinzi. Alama ile ndiyo mlango, ndiyo kufuli, ndiyo jina la mwenye nyumba. Alama ya mzinga ule ilikuwa imefunikwa na ukoga, haisomeki.

Mjomba akapanda yeye mwenyewe. Petro akanigusa kwa kiwiko, maana tulidhani mzee amebadili mawazo. Lakini hakuwasha moshi. Alichomoa kisu, akakwangua ule ukoga taratibu mpaka ikatokea mistari miwili na duara. Kisha akashuka, shingo imevimba kwa kuumwa na nyuki.

"Watoto wake wakipita hapa, watajua baba yao aliwaachia nini," alisema. Halafu akatugeukia. "Nyuki ni wa Mungu na maua ni ya Mungu. Lakini mzinga ulichongwa na mkono wa mtu, na Mungu anaujua mkono huo. Ninyi mnautazama mzinga kwa tumbo. Mzinga hutazamwa uso kwanza."

Tukarudi na ndoo nyepesi. Shangazi alipochungulia ndani aliuliza kama tulikwenda kurina au kuwasalimia nyuki. Mjomba alicheka, akaomba maji ya kunawa. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa na njaa. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, nami siku ile niliwafuata nyuki nikala karipio. Namshukuru Mungu, kwa kuwa asali ingekwisha wiki ile ile, na karipio ninalo mpaka leo.

Sasa nimezeeka. Ninaishi hapa Tabora mjini, ni mzee wa kanisa, na magoti yangu hunikumbusha kila Jumapili kwamba kupiga magoti si kazi ya mdomo. Mjukuu wangu Elia amesomea mambo ya kompyuta, na kazi yake ni kuwatengenezea watu tovuti. Ni kijana mwema. Akikosea hukosea kwa bidii, na kosa la namna hiyo husameheka upesi.

Mwaka huu alipata kazi ya kumtengenezea tovuti Shija, mwimbaji wetu mpiga zeze. Huku mtungaji na kiongozi wa nyimbo tunamwita manju, na Shija ni manju hasa. Akivuta uzi wa zeze lake, hata mtu mwenye deni la usingizi hukaa macho. Tatizo ni kwamba alijulikana kwenye harusi na kwenye ngoma za baada ya mavuno, lakini nje ya mkoa hakuna aliyemfahamu. Elia alitaka dunia imsikie.

Aliniomba nimsaidie maneno ya Kiswahili, nami nikamwandikia. Akaweka picha ya Shija ameegemea mninga, rangi zote kama asali na majani ya tumbaku yaliyokaushwa. Chini akapanga nyimbo, ukibonyeza unasikia kipande kifupi. Mwisho kabisa aliacha nafasi moja wazi, akaandika: Wimbo wa Kutua.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Wimbo wa Kutua waliuimba wapagazi wa zamani walipofika Tabora kutoka pwani, wakishusha mizigo mabegani. Aliyebaki akiujua wote ni bibi mmoja tu, Bibi Nyamizi wa Goweko, ambaye ndiye aliyemlea Shija na kumfundisha nyimbo zake zote. Zote isipokuwa huo. Kila Shija alipouomba, bibi alisema bado. Sasa alikuwa mzee sana na kifua kinambana, na Shija aliogopa kwamba ule wimbo utazikwa naye. Bibi alikuwa amekubali tuje na kifaa cha kurekodi, ila alisema kwanza aone tulichokifanya.

Tulipanda treni mpaka Goweko, Shija na zeze lake, Elia na mashine zake, mimi na fimbo yangu. Bibi Nyamizi tulimkuta uani anaanika karanga. Vijana wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamtazama Elia kuanzia viatu kwenda juu.

"Huyu ndiye mume wangu mliyeniletea? Mbona mwembamba? Atanibebaje?"

"Nitakubeba kwa baiskeli, Bibi," alisema Elia. Tukacheka. Kati ya bibi na mjukuu utani ni haki, hata kama mjukuu ni wa kuazima.

Elia akamwonyesha picha. Bibi akasifu mninga, akasema Shija amenenepa. Kisha Elia akabonyeza wimbo. Sauti ya Shija ikatoka, tamu, katikati kabisa ya hadithi, zeze likikimbia chini yake. Bibi akainamisha sikio. Wimbo ukaisha.

"Lete mwingine."

Akaweka mwingine, nao vivyo hivyo. Bibi akarudi kwenye karanga zake.

"Nani anaimba?" aliuliza.

"Shija, Bibi. Huyu hapa."

"Mimi namwona Shija. Hizo nyimbo hazimjui. Mume wangu, ukiletewa kuku aliyekatwa kichwa utajua ametoka banda la nani?"

Nikuelezee, mwanangu. Manju wa kwetu haanzi wimbo kwa hadithi. Huanza polepole, zeze likiguna peke yake, naye hujitaja: mimi ni fulani, mwana wa fulani, nimetoka mahali fulani, na wimbo huu niliupokea kutoka kinywa cha fulani. Hicho ndicho kichwa cha wimbo. Elia alikuwa amevikata vichwa vyote. Shija mwenyewe hakujua, kwa kuwa alipoonyeshwa tovuti alitazama picha zake kwa furaha, na sauti hakuifungua. Alisema sauti yake anaijua.

"Bibi," alisema Elia kwa adabu, "mtu wa mtandaoni hana subira. Asipoonja utamu papo hapo, anapita. Nimevikata ili abaki. Nilimtafutia Shija wasikilizaji."

"Basi wasikilizaji hao wakuimbie Wimbo wa Kutua," alijibu bibi, bila hasira hata kidogo. "Mimi kifua kinanibana." Akatuandalia uji wa karanga, akatuombea safari njema, na hakuimba.

Tulipoketi stesheni kungoja treni, Shija alilaza zeze mapajani kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

"Miaka yote nimemtaja yule mama," alisema hatimaye. "Kwenye kila ngoma. Leo amenisikia nimenyamaza, tena ndani ya simu, ambamo watu wote watasikia. Elia, umenifanya mwizi mbele ya mama yangu."

Elia alijibu haraka, kama vijana wanavyojibu wanapoumia. "Na wewe ungesikiliza kabla!" Kisha akashusha macho. "Nisamehe, kaka."

Sikumkemea. Mtoto aliyekwisha kuungua haonyeshwi moto. Nilimsimulia tu habari hii niliyokusimulia wewe, ya mzinga wa Ipole, ndoo nyepesi na kisu cha mjomba Lukasi. Nilipofika pale mzee alipopanda mti bila moshi, Elia aliacha kuchezea simu.

"Hakurina hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Alipanda kusafisha alama tu, na nyuki wakamuuma?"

"Shingo ilivimba mpaka Jumapili. Alisali ameinamia upande mmoja."

Treni ikaingia. Ndipo Elia akasema, "Babu, mimi nilionja asali. Uso sikuutazama."

Tuliporudi mjini alianza upya. Alivirudisha vichwa vyote, virefu kama vilivyokuwa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Aliipanga tovuti yote kufuata njia ya zamani ya misafara. Ukiingia unaikuta Tabora na jina la Shija. Ukienda mbele unafika Goweko, na jina la Bibi Nyamizi na nyimbo alizozitoa. Mbele zaidi ni Tura, na jina la Nyanzala, bibi yake Nyamizi, aliyemfundisha yeye. Nyuma ya Nyanzala yuko baba yake, mpagazi ambaye jina lake Shija alilijua kutoka kwenye nyimbo, na hapo njia inaelekea pwani. Kila wimbo ulikaa kwenye kituo ulikopokelewa.

Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu. Nikakumbuka kwamba hata habari ya Mwokozi wetu, tuisomayo kanisani, huanza kwa majina marefu ya wazee, majina ambayo wasomaji wengi hutamani kuyaruka. Mungu hakuona haya kuyatanguliza. Sisi ni nani hata tuwe na haraka kuliko yeye?

Tulirudi Goweko baada ya mavuno ya karanga. Bibi alikuwa amedhoofika, amejifunga shuka ingawa kulikuwa na jua. Safari hii hakumtania Elia. Alinyoosha mkono tu, akaiweka simu karibu na sikio.

Zeze likaguna. Sauti ya Shija ikaja polepole, ikajitaja, ikamtaja baba yake, ikasema wimbo huu niliupokea kwa Nyamizi wa Goweko, aliyeupokea kwa Nyanzala, binti wa mpagazi aliyeibeba pembe ya ndovu mpaka baharini na kurudi na nyimbo. Midomo ya bibi ilikuwa inakwenda pamoja nayo. Hadithi ya wimbo ilipoanza, akairudisha simu kwa Elia. Hakutaka kusikia zaidi.

"Kumbe mume wangu ana masikio," alisema. Kisha kwa Shija: "Chukua zeze. Ulegeze uzi kidogo, sauti yangu imeshuka."

Elia akawasha kifaa chake. Bibi Nyamizi akaanza kutaja. Alitaja, akapumzika, akakohoa, akataja tena. Alitaja watu ambao hata Shija hakuwahi kuwasikia, wapagazi na wake zao, waliofika na waliozikwa njiani. Nilidhani Elia ataangalia saa. Alikuwa amefumba macho. Na mwisho wa majina yote, kabla ya wimbo wenyewe, bibi akasema: "Na Shija niliyemlea, na Elia aliyerudi."

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, mwanangu, mfupi kuliko majina. Mpagazi amesimama mlangoni kwake na mzigo begani, anamwambia mkewe: nipokee mzigo, kisha unipokee mimi. Basi, ndiyo yote. Aliurudia, Shija akaupokea kutoka kinywani mwake, na mara ya mwisho aliuimba Shija peke yake, bibi akisikiliza.

Tovuti sasa iko wazi. Elia hunionyesha kwenye kompyuta kwamba wengi huingia, husikia zeze likiguna, na kabla jina la tatu halijatajwa wamekwisha kwenda zao. Alikuwa mkweli tangu mwanzo. Mtu wa mtandaoni hana subira. Lakini wapo wanaobaki, nao hubaki mpaka mwisho. Naye hajagusa kichwa hata kimoja.

Basi, mwanangu, shika neno hili. Ukipewa kazi ya kulipeleka jina la mtu mbele za watu, iwe kwa mbiu, kwa karatasi au kwa hiyo mitandao yenu, usikimbilie utamu ukaacha alikotoka. Mwacha asili ni mtumwa, na anayemkatia mwenzake asili humfanya mtumwa bila ya yeye kujua. Taja waliokufundisha, hata kama msikilizaji anapiga miayo. Na ukiikuta alama ya mtu imefunikwa na ukoga, usiseme mwenyewe alishakufa. Panda, hata kama utaumwa, uikwangue mpaka isomeke, kisha ushuke na ndoo yako kama ilivyo.

Mungu aliyekuita kwa jina kabla mama yako hajakupa jina akulinde njiani. Akupe mabega ya kubeba ulichopokea, akupe na wa kukupokelea. Na siku utakapofika mlangoni pake umechoka, aupokee mzigo, kisha akupokee wewe. Amina.