Magazeti Niliyoyakata Vichwa

Sijawahi kukalia dawati. Mwaka niliopaswa kuanza darasa la kwanza, baba alinipa jembe mkononi na mdogo wangu Liberatus mgongoni. Viazi nilivyolima kule Umalila ndivyo vilivyomsomesha Liberatus mpaka chuo. Leo ni ofisa Iringa, ana nyumba ya geti. Shamba la mama aliliuza bila kuniuliza, na tangu siku hiyo hatukupigiana simu.

Mimi niko sokoni Uyole, nauza karanga za kukaanga. Nazifungia kwenye magazeti ya zamani ninayonunua kwa kilo dukani kwa Kartik, Mhindi aliyerithi duka la baba yake hapa jirani. Gazeti nikishalipata, kwanza nalikata juu, kwenye jina na maandishi madogo, ili vipande vilingane na vikunjo vyote vitoke sawa. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mkono unakata wenyewe.

Binti yangu Pendo alisomea kutunza kumbukumbu za ofisi. Akamaliza chuo, akakaa nyumbani miaka mitatu akituma maombi yasiyojibiwa. Mwaka huu akaitwa kwenye usaili wa kuandika, Iringa, siku ya Jumamosi. Waliofanya mwaka uliopita wakamwonya kwamba maswali ya kazi si shida, watu wanaangukia kwenye habari za sasa: waziri wa wizara fulani ni nani, nani kachaguliwa wapi.

Wakati huo alikuwa Madibira kwenye mavuno ya mpunga, ana simu ndogo ya kubonyeza, na mtandao wa kule unakuja na kuondoka.

"Mama, nitumie magazeti," akasema. "Nitasoma mapumziko ya mchana."

Nikaenda kwa Kartik nikataka mzigo mkubwa. Nilichagua yaliyo safi kabisa, meupe, hayana hata mkunjo. Yenye mafuta na madoa ya chai nikaacha ya karanga. Niliona mtu anayesoma asipewe karatasi chafu kama mimi nilivyopewa kila kitu kichafu. Nikayapanga, nikayakata juu yakawa sawasawa, nikampa kondakta wa basi la Madibira.

Wiki tatu Pendo alisoma. Mimi nilikuwa na redio yangu iliyoning'inia kwenye msumari wa kibanda. Naisikiliza tangu asubuhi mpaka nafunga. Sijui kuandika, kwa hiyo habari naziweka kichwani pamoja na kile ninachokifanya ninapozisikia.

Ijumaa mchana akapiga simu.

"Shikamoo mama. Nimefika Iringa, niko kwa mjomba Liberatus. Hebu niulize mawaziri!"

"Marahaba. Haya, Maji?"

Akataja jina. Mkono wangu ukabaki ndani ya karanga za moto bila kusikia moto.

"Rudia."

Akarudia lile lile.

"Kilimo?"

Akataja mwingine, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

"Pendo, hao siwasikii redioni."

"Mama, nimewasoma kwenye gazeti kwa macho yangu. Usinitie wasi..."

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Chaji ilikuwa imeisha. Niliacha kibanda wazi nikakimbilia kwa Kartik.

"Yale magazeti safi uliyatoa wapi?"

"Ghalani, mama Pendo. Marehemu baba aliyafunga mwenyewe. Yana miaka minne pale." Akacheka. "Si ulitaka yaliyo safi? Mapya ndiyo hayo machafu, natoa kwenye mgahawa wa Jailos, watu wanayasoma na chai." Kisha akaniona uso. "Kwani yalikuwa ya nini?"

"Ya Pendo. Ya usaili."

"Sasa yeye hakuona tarehe?"

"Tarehe inakaa wapi?"

Kartik akachukua gazeti kaunta, akagusa juu kabisa, pale pale ninapopitisha kisu. Nikakaa kwenye gunia la sukari.

Njia ilikuwa moja tu. Nikampa namba ya Liberatus, Kartik akaibonyeza na kuweka sauti kubwa.

"Nani mwenzangu?"

"Dada yako."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nipe Pendo."

Alipokuja nikamwambia yote, kisha nikaanza kumimina kilichokuwa kichwani. Wa Kilimo alihamishwa siku lori la viazi lilipopinduka Mlima Nyoka. Wa Maji alitolewa siku ya mvua ya mawe. Nikamtajia waliowekwa, mmoja mmoja, naye akiandika. Nilimsikia anapumua kama mtu aliyebeba debe la maji.

Liberatus akaingilia. "Dada, acha kumchanganya mtoto. Waziri wa Maji ni yule yule. Mimi nafanya kazi serikalini!"

"Huko serikalini mna redio?"

"Tuna nyaraka."

"Basi zisome. Ilitangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa saba, nimefunika karanga kwa turubai, mawe yanapiga bati."

"Dada, wewe hata jina lako huwezi kuliandika."

"Siwezi kwa sababu yako."

Kartik akageuka akaanza kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Simu ikakatwa upande wa pili.

Jumamosi niliunguza sufuria ya kwanza, na ya pili. Pendo alipiga saa nane.

"Limekuja, mama. Waziri wa Maji. Majibu manne ya kuchagua, na yale majina mawili yote yapo."

"Ukachagua lipi?"

"Mjomba alinipeleka kwa gari lake. Njia nzima ananiambia, usimsikilize mama yako, hajasoma."

"Pendo. Ukachagua lipi?"

"La kwako. Niliwaza, mtu hawezi kutunga mvua ya mawe."

Bado sikujua kama nimemwokoa au nimemzamisha kwa mara ya pili.

Jumatano Kartik akafungua orodha kwenye simu yake. Walioitwa kwenye mahojiano ni arobaini, wamepangwa kwa alama. Akasoma kwa kidole, taratibu, mpaka nikataka kumpiga. Pendo alikuwa wa thelathini na tisa. Swali moja tu lingemwangusha.

Jioni Liberatus akatuma ujumbe, Kartik akanisomea: "Hongera kwa mtoto wetu. Nilimwandaa vizuri."

"Nimjibu nini, mama Pendo?"

"Futa."

Mahojiano ni Jumatatu. Watamuuliza uso kwa uso, na safari hii hakuna majibu ya kuchagua. Redio nimeiwekea betri mpya. Kisu nakipitisha pembeni tu, na wateja wanalalamika vikunjo vyangu havilingani siku hizi, vingine jina la gazeti linachungulia. Nawaambia wale karanga wanyamaze, taarifa ya saa saba inaanza.