Ncha ya Ulimi kwenye Barabara ya Bandari

Mume wangu alikuwa mtu wa herufi. Siku alipokuja kunitazama, huku baba yangu ameketi pembeni na kikombe chake cha kahawa, hakuniuliza kama nimeridhika naye wala kama najua kupika. Aliniomba nisome Alhamdu. Nikasoma. Akaniambia herufi yangu ya dhwadi imelegea. Baba alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kikoini, na mimi nikaapa moyoni kwamba sitaolewa na mtu huyu hata wabaki wanaume wawili duniani. Nikaolewa naye, na dhwadi yangu aliisahihisha miaka yote.

Tuliishi Kililana, kwenye shamba la minazi na simsim, upande ambao zamani ulikuwa mchanga mtupu na sasa inapita lami ya kwendea bandari mpya. Lami ilipofika, mume wangu alinunua baiskeli. Mtandao nao ulikuwa mzuri huko barabarani tu. Ndani ya nyumba simu ilikwama kila baada ya maneno mawili, lakini ukishika lami sauti inakuwa safi na picha haigandi. Basi mume wangu akawa anafundisha Kurani huku akiendesha.

Wanafunzi wake wa simu walikuwa watu wazima waliohamia Mombasa na mbali zaidi, wenye haya ya kuketi mkekani na watoto wa chuo cha Kurani. Aliwafundisha kwa vidio, maana kuna herufi ambazo sikio peke yake haliziwezi. Lazima mwanafunzi aone ulimi wa mwalimu umekaa wapi. Kwa hiyo alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainua simu mbele ya uso wake, kinywa wazi, macho kwenye kioo chake. Malori ya bandari yalimpigia honi, naye akaitikia kwa kichwa, akidhani anasalimiwa.

"Mwalimu," nilimwambia, "shuka kando ya ndia, uketi, ufundishe. Una mato mangapi wewe? Ya simu yapi na ya ndia yapi?"

"Wewe hata herufi ya rai haiyakutoka sawa," akanijibu, "yeo wataka kunifundisha baiskeli?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda, na mara nyingi nilitamani mtu ampige kofi.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa mbele yake. Msikiti wetu ni mdogo, na kila Ramadhani wazee walikuwa wakimleta msomaji kutoka mjini Lamu aje kusalisha tarawehe, mume wangu akisimama safu ya mbele kama mtu mwingine yeyote. Safari hii wazee walimkabidhi yeye. Kurani nzima, kuanzia mwezi unapoandama mpaka Idi. Aliihifadhi kwa moyo tangu ujana, na katika maisha yetu yote hicho ndicho kitu pekee nilichomsikia akimlilia Mungu ampe. Watoto hakuwalilia hivyo, wala mvua. Ilikuwa bado miezi mitatu, naye alikuwa ameshapiga pasi kanzu.

Siku moja baada ya alasiri alitoka kwenda gatini Mokowe kupokea mzigo wa mbegu. Njiani akampigia mwanafunzi wake mmoja, mtu wa Faza anayefanya biashara Mombasa. Bwana huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: kila penye "thumma" yeye alisoma "summa". Mume wangu hakuwa na subira na ugonjwa huo. Akamwambia atazame vizuri, akaisogeza simu karibu, akatoa ncha ya ulimi baina ya meno, akaibana hapo ili ionekane. Mbele yake kulikuwa na tuta jipya ambalo bado halijapakwa rangi. Gurudumu likapanda, mkono mmoja haukuweza kuushika usukani, na kidevu kikaupiga usukani kwa uzito wake wote.

Mwanafunzi ndiye aliyenipa habari, kwa kuwa namba yangu alikuwa nayo ya kupangia saa za masomo.

"Bi," alisema, "nimemuona mwalimu akitoa ulimi, kisha nikaona mbingu. Nami nimeendelea kusema thumma, thumma, nikidhani ni mtandao. Wallahi nilikuwa naitamka sawa."

Nilikuta watu wamejaa barabarani. Mwenye pikipiki alikuwa ameshampakia kumpeleka hospitali, na waliobaki walikuwa wameinama wanaitafuta ncha ya ulimi wake kwenye lami na majanini. Hawakuiona. Mmoja akasema labda kunguru ameiwahi, na mwingine akacheka, kisha akaniona akageuza kicheko kikawa kikohozi. Simu waliiokota. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Daktari alimshona, akaniita nje, akanieleza kwa furaha kwamba ulimi hupona haraka kuliko kiungo chochote. Atakula, atakunywa, chumvi ataionja. Nikamuuliza kuhusu kusoma.

"Kusoma?" akashangaa. "Kwani macho yameumia?"

Sikumlaumu. Hakujua aliyekuwa mbele yake ni nani. Niliwalaumu majirani, waliokuja na ndizi na maziwa wakasema ni husuda, kuna mtu amemtia jicho kwa ajili ya tarawehe. Nilichoka nao. Mwisho nikawaambia, jicho lililomponza ni lake mwenyewe, lilikuwa kwenye simu. Wengine wakasema ni kadari. Ni kadari, sikatai, lakini hakuna aliyemlazimisha kuifuata kwa mkono mmoja. Na hao hao waliokuwa wakitikisa vichwa sebuleni kwangu niliwaona wakiondoka, mmoja juu ya baiskeli yake, simu imebanwa baina ya sikio na bega kabla hajafika kwenye mnazi wa kwanza.

Uvimbe ukaisha, mishono ikatoka. Akaanza kufanya mazoezi shambani, peke yake, na mimi nikimsikia kutoka jikoni. Herufi za kooni zilitoka nzima. Zile za ncha, na sikujua ni nyingi kiasi gani mpaka siku hiyo, zilitoka na upepo na mate. Alizirudia mpaka damu ikaonekana kwenye leso.

Shaabani ilipokaribia kwisha, wazee wa msikiti wakaja. Waliketi, wakanywa kahawa, wakasifu simsim. Nilikuwa nyuma ya pazia. Kisha mmoja wao, aliyesoma kwa mume wangu tangu hajaota ndevu, akamwomba asome Alhamdu.

Akasoma. Aliisoma polepole, kwa adabu, kama mtoto aliyepelekwa chuoni siku ya kwanza. Walipoitikia amini, sauti zao zilikuwa chini sana.

"Mwalimu," akasema yule mwanafunzi wake wa zamani, "wewe una udhuru, na sala yako ni sahihi. Lakini sisi hatuna udhuru. Asiyeweza kuzitoa herufi hamsalishi anayeweza. Umetufunda wewe."

Mume wangu akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameifundisha hukumu hiyo kwa miaka, na hakuwahi kumpunguzia mtu. Waliondoka wakamwachia kikapu cha tende.

Mwezi ulipoandama, kipaza sauti cha msikiti kiliingia mpaka chumbani kwetu, na kilichosikika ni msomaji wa mjini. Mume wangu alivaa ile kanzu. Akatandika miswala miwili ukumbini, wake mbele na wangu nyuma, akaniashiria nisimame. Nikajifunga mtandio nikasimama. Akanisalisha isha. Nilisikia kila herufi iliyopungua, kwa masikio ambayo yeye mwenyewe aliyanoa, na mara mbili nililazimika kuuma mdomo nisilie.

Akatoa salamu, akageuka kunielekea kama afanyavyo imamu. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Kwa muda huo mfupi alikuwa na msikiti wake.

Nami nikainuka, nikanuia upya, nikaisali isha peke yangu, yote, kwa sauti. Ningeweza kungoja alale. Ningeweza kwenda chumba cha ndani. Lakini nilikuwa na miaka ya kusahihishwa nyuma yangu, na sala ni sala, na kwa kweli nilitaka aisikie. Nilizitoa herufi zote mahali pake, hata dhwadi. Alinitazama mpaka mwisho, mikono yake juu ya magoti.

"Sahihi," alisema nilipotoa salamu.

Isha ya kesho yake aliuchukua mswala wake tu, akaingia nao chumba cha ndani, akafunga mlango.