Mwimbaji Anayeomba Radhi

Nimerekodi wanamuziki wenye majivuno ya kujaza lori, lakini mwimbaji wa bendi moja ya walokole wanaopiga muziki wa metali, ule wa magitaa makali na sauti za kunguruma, huvua viatu mlangoni mwa studio yangu kana kwamba anaingia sebuleni kwa mama mkwe. Akiongea, sauti yake ni ndogo hadi namwomba arudie. Hunywa maji ya uvuguvugu, hukunja leso mara nne, kisha hufumba macho na kunguruma zaburi mpaka kioo kilicho kati yetu kinatetemeka. Akimaliza tu, hunigeukia: "Samahani, kaka, sijakuumiza masikio?" Albamu nzima nimekuwa nikizikata samahani zake kwenye rekodi, moja baada ya nyingine.

Jana tulirekodi wimbo wa mwisho, ule ambamo anamuuliza Mungu kwa nini alimchukua dada yake. Leso hakuikunja, aliifumbata tu, na kwenye mstari wa mwisho sauti ikampasuka. Nikasubiri samahani. Haikuja. Nikamwambia turudie, pale imepasuka. Akatikisa kichwa, akaenda mlangoni kuvaa viatu.

"Iache hivyo hivyo, kaka. Niliyekuwa namuuliza amesikia."