Tela la Shemeji na Mkungu wa Ndizi

Nisikilize kidogo, wewe unayeunganisha vipande vya mashine kwenye kompyuta, ukabonyeza, na nukta ikakuonyesha kitovu cha uzito kilipo. Nukta hiyo husema kweli kuhusu vile tu ulivyoviingiza. Mimi nilijifunza hilo kijijini kwetu Rugu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa tela la baiskeli.

Mke wa kaka yangu alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue. Uzazi wa kwanza ulimtesa, na safari hii aliambiwa awahi hospitali mara uchungu ukianza. Njia ilikuwa ndefu, yenye vilima. Basi kaka na mimi tukachomelea kitanda cha mabomba cha kufungwa nyuma ya baiskeli. Kaka akalala juu yake kama mgonjwa, nami nikasogeza gogo la mviringo chini mpaka kichwa na miguu vikalingana, nikachora alama hapo. Ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, tukaichomelea kiganja kimoja nyuma ya hapo, ili uzito kidogo uelemee baiskeli.

Siku ya majaribio mama alikuja na mkungu wa ndizi, sufuria na kuni, akavifunga upande wa miguuni, nyuma kabisa. Nikamweleza kwa upole kwamba tela ni la mgonjwa.

“Mgonjwa gani huyo anayelazwa bila ndizi?” akauliza. “Atakula baiskeli?”

Nikalala mimi, kaka akapanda baiskeli. Hakufika hata mgomba wa pili. Mkia wa tela ulianguka, gurudumu la nyuma la baiskeli likaning'inia, naye akawa anakanyaga pedeli bure. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mke wa kaka, aliyekuwa akitutazama mlangoni, hakucheka.

“Shemeji,” aliniambia, “mimi nitatembea.”

Nilikuwa nimempima mgonjwa peke yake, wakati kwetu anayekwenda hospitali ni mgonjwa na jiko lake. Tukaikata ekseli itoke, tukarudisha gogo chini. Safari hii shemeji mwenyewe alilala, kwa ubavu kama alivyopenda, tukimshikilia, na mama akafunga vyote. Alama mpya iliangukia viganja viwili nyuma ya ile ya kwanza, na ekseli tukaichomelea upya kiganja kimoja nyuma yake.

Uchungu ulipoanza, alipanda bila kuniuliza kitu. Kwenye vilima kaka alisukuma, kwenye tambarare akaendesha, wakafika.

Ukitengeneza la kwako, pakia kwanza kila kitakachosafiri, weka gogo chini, sogeza mpaka pande zote zitulie, kisha chora alama ya mkaa hapo.