Kujadidi Si Kujadili

Mwandawiro alikata mkonge katika shamba la mzungu karibu na Voi mpaka mkataba wake ukaisha, na siku hiyo aliamka akiimba. Baba yake alikuwa mgonjwa mahututi kule mlimani Ndara, na ujumbe wake ulikuwa mmoja tu: mwanangu wa kwanza aje nimwone kabla sijafumba macho.

Alipokwenda kuaga, karani Mbaruk, mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha ndani, alimwuliza, "Je, ndugu yangu, wapenda kujadidi mkataba?"

Mwandawiro, ambaye lugha ya kwao ni Kidawida, alisikia kujadili. Akafurahi, masikini. Tangu lini mkata mkonge akaulizwa maoni? Naye alikuwa na mengi moyoni, juu ya unga wenye dumuzi na mnyapara mwenye kiboko. "Napenda sana, bwana karani!" Akashikwa dole gumba, likapakwa wino, likabanwa kwenye karatasi. Akabaki amesimama akingoja mazungumzo yaanze.

"Haya, kazini," akaambiwa.

"Kazini wapi? Mimi naenda kwetu. Na bado hatujajadili!"

Mbaruk akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu, kama mwalimu wa chuoni: kujadidi ni kufanya upya. Kwao mtu hujadidi nia, hujadidi urafiki uliopoa. Yeye sasa amejadidi mkataba, basi ni mwaka mwingine, na akitoroka ni jela.

Hebu niambieni, "kufanya upya" kulimshinda nini? Maneno hayo yanajulikana toka Taveta hadi Marungu! Lakini wapi, karani alitaka kuonja utamu wa ulimi wake mwenyewe, na mtu mzima akafungwa kwa herufi moja. Mwandawiro alimwendea mzungu, akafukuzwa. Akaomba ruhusa ya siku chache tu, akanyimwa. Alirudi kukata mkonge kwa hasira hadi viganja vikatoka damu.

Mwezi haujaisha, mkewe Wakio alishuka kutoka mlimani, kichwa kimenyolewa. Mzee alikuwa amezikwa, na alimwita mwanawe hadi pumzi ya mwisho.

Mbaruk alipopata habari alikuja na majonzi ya kweli, amenyoosha mkono. "Pole sana, ndugu yangu. Niambie nikusaidie nini."

Mwandawiro hakuupokea ule mkono.

"Panda Ndara," alisema, "ukamjadidi baba yangu."