Nyamizi na damu ya mnadani

Saa tano asubuhi, mnada wa ng'ombe nje kidogo ya Rujewa umepamba moto. Vumbi limepanda, madume yanaunguruma zizini, moshi wa nyama choma umetanda, na dalali Aroni, mwenye sauti ya kukwaruza, anataja bei ya dume jekundu ambalo wanunuzi wawili wanaligombania.

Ghafla ananyamaza. Mwanamke mrefu aliyevaa kizibao cha bluu amesimama mbele yake, mkono ameunyoosha. Aroni anacheka, anamkabidhi kipaza sauti.

"Mwangaluka!" anasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka!" wafugaji wanaitikia kwa kishindo.

"Ng'ombe mmeshawauza. Sasa ni zamu ya wenye ng'ombe! Yale mahema meupe mnayaona? Vitanda viko wazi. Mwezi uliopita Chimala walitushinda. Mnakubali kushindwa na wauza mchele?"

"Hatukubali!"

Hajashusha hata kipaza sauti, wanaume wenye fimbo mabegani wameanza kuelekea mahemani, wengine mbiombio kama waliosikia chakula cha harusi kimeiva. Hakuna kinachouzwa huko. Wanakwenda kutoa damu, wakishindana na wenzao wa Chimala.

Mwanamke huyo ni Nyamizi Mihayo, mwenye umri wa miaka 34, mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika moja ya vijiji vya Bonde la Usangu. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba: kuwatembelea wajawazito, kuhimiza chanjo, kumpeleka kituoni aliye mgonjwa. Hii ya kuteka mnada aliianza mwenyewe.

"Watu wanafikiri napiga kelele kwa sababu nimetumwa," anasema huku akijifuta jasho. "Hapana. Nina furaha tu. Mara ya kwanza nilipokishika kipaza sauti hiki nilikuwa nalia."

Ilikuwa Machi, miaka miwili iliyopita, mvua za masika zimekolea. Kituo cha afya cha kata kilikuwa na miezi michache tu tangu kianze kuwafanyia upasuaji wajawazito. Kijiji kizima kilishangilia. Zamani, mama aliyeshindwa kujifungua alikodiwa gari hadi Mbeya mjini, na familia iliuza mpunga ungali shambani ili kulipia. Nyamizi alikuwa amepita kila mlango akiwatangazia wanawake kwamba shida hiyo imekwisha.

Siku hiyo aliletwa Devota, mkulima wa mpunga, Msangu wa hapo hapo. Alipasuliwa, akatoka mtoto wa kiume anayelia kwa nguvu zote. Lakini damu ya mama haikukata. Kwenye jokofu la kituo kulikuwa na chupa moja tu ya kundi lake, ikatundikwa, ikaisha. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika.

Muuguzi Paskalina Kalinga, mwenyeji wa Kilolo mkoani Iringa, anaikumbuka saa hiyo vizuri.

"Nilitoka nje nikamkuta Nyamizi kwenye benchi pamoja na mume wa Devota. Nikamwambia, dada yangu, daktari ninaye, dawa ninazo, sina damu. Nitafutie watu."

Walianza na waliokuwapo. Timotheo, mume wa Devota, alipimwa, kundi halikulingana na la mkewe. Nyamizi naye vivyo hivyo. Wauguzi wawili walikuwa wametoa wiki chache tu nyuma, hawakuruhusiwa kutoa tena.

Ndipo Nyamizi alipokumbuka kwamba ni siku ya mnada.

"Nilipanda pikipiki. Tope lilikuwa hadi magotini, tumeanguka, tumeinuka. Nilipofika sikusalimia mtu. Nilimnyang'anya Aroni kipaza sauti mkononi."

Dalali huyo anaangua kicheko akilikumbuka tukio hilo. "Nilidhani amechanganyikiwa! Nimefika bei nzuri, mnunuzi anakaribia kusema ndiyo, mara mama huyu analia kwenye spika kwamba anataka damu. Watu walicheka. Halafu wakaona machozi, wakaacha kucheka."

Nyamizi alizungumza Kiswahili, kisha akarudia yote kwa Kisukuma. Wafugaji wakatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti, "Dume likitoka damu hivyo kesho halilimi. Sisi tutachunga vipi?"

"Dume halipewi soda na biskuti, baba," Nyamizi alimjibu machozi yakimtiririka. "Wewe utapewa."

Kicheko kilirudi, cha aina nyingine sasa. Lakini hakuna aliyesogea, hadi aliposimama Nashoni, mfugaji mkubwa ambaye wengi mnadani humtegea sikio. Yeye hakuwa na mzaha.

"Binti Mihayo, huyo mama ni wa kabila gani?"

"Msangu."

"Sasa damu yangu mimi Msukuma itamkubali?"

Nyamizi anasema swali hilo lilimpiga kifuani, kwa sababu alijua lilikotoka. Katika bonde hili wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi juu ya maji na malisho, na wapo wasiosalimiana njiani.

"Nikamwambia, baba, kipimo hakijui kabila. Kinajua kundi tu. Twende upimwe, kikikukataa nitakurudisha mwenyewe."

Nashoni alichukua fimbo yake, akapanda pikipiki ya kwanza. Nyuma yake zikafuata nyingine, na nyingine, hadi madereva wote wa kijiweni wakaisha. Aroni akasimamisha mnada. "Ningemuuzia nani?" anauliza. "Wanunuzi wenyewe wameondoka!"

Kituoni walipimwa kundi, uzito, wingi wa damu na maambukizi. Wengine walirudishwa. Nashoni alikubaliwa. Jioni ilipoingia, damu ya Devota ilikuwa imekata, na yeye amefumbua macho akiuliza mtoto yuko wapi.

Timotheo, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni akiwashukuru wachangiaji mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Nashoni, alisita. Msimu uliotangulia, ng'ombe wa mzee huyo walikuwa wameingia shambani kwake na kumaliza mpunga.

"Nilimwangalia, akaniangalia," anasimulia Timotheo. "Nikampa mkono. Kesi yetu bado iko baraza la kata, sidanganyi, na mpunga wangu ninaudai. Lakini mtoto alipoanza kutembea tulimpeleka kwake akamwone. Alimpa ndama."

Nyamizi angeweza kuishia hapo. Lakini wiki iliyofuata alirudi mnadani, safari hii bila machozi, akiwa na Paskalina na ombi moja: damu itafutwe kabla ya kuhitajika.

"Sera inasema mjamzito asilipie kujifungua. Ni jambo kubwa sana, mimi nalitangaza kila siku," anasema. "Serikali inaweza kununua jokofu, vitanda, hata gari. Damu hakuna kiwanda chake. Bila mtu kunyoosha mkono, ile huduma ya bure inabaki imeandikwa ukutani."

Haikuwa rahisi. Ulienea uvumi kwamba damu ya wafugaji inauzwa mjini kwa bei ya ndama. Nyamizi hakugombana na mtu. Aliwachukua waliokuwa wakisema hivyo hadi kituoni, wakafunguliwa jokofu, wakaonyeshwa chupa na alama zake. Mmoja wao siku hizi ndiye anayefunga mahema.

Uzoefu wa kuwaelewesha watu aliupata mapema. Wazazi wake walihamia Usangu na mifugo kutoka kaskazini yeye akiwa mgongoni mwa mama. Baada ya kidato cha nne aliajiriwa kwenye duka la dawa, na wauguzi wa jirani wakawa wanamwita atafsiri kila walipofika wanawake wasiojua Kiswahili.

"Mama anaumwa tumbo, muuguzi anasikia mguu," anasema akicheka. "Nikaona hapa pana kazi."

Posho yake kwa mwezi haizidi shilingi laki moja na nusu. Kinachopungua hukijazia kwa kuuza maziwa mgando. Tangu mwaka huu ameongeza kitu kingine pembeni ya mahema: meza ya kuandikisha kaya kwenye bima ya afya.

"Mfugaji akiuza dume leo, hela iko mfukoni leo. Ukimfuata nyumbani keshokutwa, utakuta imeshaenda. Meza lazima imfuate hapa."

Saa nane mchana, Paskalina anatoka hemani ameinua mikono juu. Mifuko ya kuwekea damu imeisha! Gari limepigiwa simu lilete mingine, na foleni bado inapinda kuzunguka zizi. Kelele zinazolipuka zinawashtua ng'ombe. Aroni anatangaza kwenye spika kwamba Chimala wajipange, na mwanamke mmoja wa Kisukuma aliyemaliza kutoa, wa kwanza kufanya hivyo mnadani hapa, anainua soda yake juu kama kombe.

Nyamizi anamkumbatia. Kwa miezi mingi amekuwa akiwabembeleza wanawake wenzake bila mafanikio.

Sasa mawazo yake yamevuka mpaka wa mkoa. Wiki ijayo atapanda basi kwenda Iringa, alikoalikwa na wahudumu wenzake waliosikia habari za Rujewa. Huko watu wa kuwaendea ni wakulima, wengi Walutheri na Wakatoliki, na pa kuwakuta kwa wingi ni nje ya makanisa Jumapili, kwaya zikimaliza kuimba. Ndoto yake ni kuona kila mkusanyiko wa Nyanda za Juu Kusini, uwe gulio, mnada au misa, una hema jeupe pembeni.

"Kisukuma hakitanisaidia huko," anakiri, kisha anamgeukia Paskalina. "Haya mwalimu, nisikilize. Kamwene!"

"Kamwene!" anaitikia Paskalina. "Lakini mbona unapiga kelele hivyo? Ukiwasalimia Wahehe kwa sauti hiyo watakimbia."

"Wakikimbia nitawafuata," anasema Nyamizi, na anacheka hadi anashika kiuno. "Kamwene! Kamwene! Nitawafuata hadi mlimani."