Siku Tanuru Jipya Lilipozima

Siku yangu ya kwanza kazini Kanada nilivaa tai. Kule Tanga nilikuwa fundi wa boila kiwandani, na siku ya kwanza mtu alikwenda kujitambulisha ofisini kabla ya kushika spana. Fundi Mkuu, Mjamaika wa mabega mapana, alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akanipa nyundo na taa, akasema, "Teremka." Nikateremka, tai na yote, hadi chumba cha chini ya nyumba moja mtaa wa Mount Dennis, maana chini ya nyumba ndiko watu wa Toronto huweka tanuru la kupasha nyumba joto.

Tanuru lile vijana wa leo hamjaliona. Liliundwa litumie makaa ya mawe, baadaye likageuzwa la gesi: pipa kubwa la chuma lenye mabomba ya bati yaliyotawanyika juu kila upande. Mafundi waliliita pweza. Fundi Mkuu alinishika mkono akaugusisha kwenye bomba la moshi, nami nikaurudisha upesi.

"Umelisikia joto hilo?" akaniuliza. "Mwenye nyumba kalilipia, nalo linakwenda kuwapasha njiwa wa juu ya paa."

Sijapata somo bora kuliko hilo juu ya kuokoa nishati. Ilikuwa miaka ya tisini, na watu walianza kuchoka kupasha njiwa. Tuliwavunja wale mapweza vipande vipande, midomo tumeifunga barakoa, tukapandisha chuma ngazini kwa mabega. Mtihani wa leseni ya gesi niliufeli mara ya kwanza, na sioni haya kusema. Nilipoufaulu nikahamishiwa kwa Meneja wa Huduma, mama wa Kireno aliyecheka kwa nadra, kwenye kikosi cha matanuru mapya.

Tanuru jipya ni bahili. Hukamua joto la moshi mpaka moshi unapoa na kudondosha maji, kwa hiyo halihitaji dohani. Mabomba mawili ya plastiki yanatosha, yametokeza ukutani kimo cha goti, moja la kuvuta hewa na la pili la kutolea moshi. Viungo vyake hupakwa gundi. Kwanza unavipachika vikavu kupima urefu, kisha unavichomoa, unapaka, unavirudisha. Ukisahau kimoja hutakitambua kwa macho, lakini moshi utavujia ndani, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala nayo wasiamke.

Meneja alikuwa na sharti moja. "Usitoke kwa mteja kabla hajakueleza yeye mwenyewe yale uliyomweleza wewe."

Majira ya baridi ya mwaka huo nilipewa nyumba ya kwanza kuisimamia peke yangu, kitongoji cha Thornhill, kwa Bwana Mohsin. Tanuru jipya, na kiyoyozi kipya cha kiangazi, vyote vikitumia feni moja. Mama yake, Bibi Sakina, alizaliwa Unguja. Nilipomwamkia "Shikamoo, bibi," alisimama kama aliyeitwa na ndugu.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Tanga, bibi."

Basi kazi ikasimama. Nikaletewa chai ya maziwa na bajia, tukaulizana habari za watu waliokwisha kufa na mitaa iliyobadilishwa majina. Jioni Bwana Mohsin alirudi, nikamweleza mabomba, naye akanieleza tena neno kwa neno. Bibi sikumweleza kitu. Ningeanzaje kumfundisha mtu mzima mambo ya nyumba yake, huku bajia zake zimo tumboni mwangu? Nililelewa hivyo, na sikuona kosa.

Baada ya wiki mbili, adhuhuri, Meneja aliniita kwenye redio ya gari. Tanuru la Thornhill limezima. Nyumbani wapo bibi na mjukuu wake mchanga, na bibi anaumwa kichwa.

"Anaumwa kichwa," Meneja alirudia polepole. "Uligundisha viungo vyote?"

"Nadhani."

"Nadhani si jibu. Kama ni kiungo, leseni yako nitaipeleka kwa Mkaguzi wa Gesi kwa mkono wangu."

Kuumwa kichwa ndiyo dalili ya kwanza ya sumu ile. Njiani nilijaribu kukumbuka viungo kimoja kimoja. Cha tatu, nyuma ya boriti, nilikumbuka kukipachika kikavu, halafu nikakumbuka nimeitwa chai. Kupaka gundi sikukumbuka. Leseni niliisahau kabisa, nikawa namwona yule mtoto tu.

Nilifika, nikawatoa nje wote wawili bila hata kuamkia, nikawaweka garini mwangu penye joto. Bibi alinishangaa. Nilirudi ndani na kipima hewa ya sumu mkononi. Kikasoma sifuri jikoni, sifuri vyumbani, sifuri chini kando ya tanuru. Nikakishika kiungo cha tatu nikakizungusha kwa nguvu zangu zote. Hakikusogea. Nilikuwa nimekipaka.

Nikakaa sakafuni nikalia, na sikujifuta.

Nilipotoka nje kuangalia bomba la moshi, nilikuta limeshindiliwa kanga, tena imekunjwa vizuri. Nikaenda nayo garini.

"Nimeziba mimi, asubuhi," Bibi Sakina alisema. "Tundu wazi ukutani, linavuja maji, na kindi ameshakuja kulichungulia. Kwetu tundu haliachwi wazi, mwanangu. Angeingia hata nyoka."

"Na kichwa, bibi?"

"Baridi hiyo. Na chai sijanywa, jiko la umeme nimeogopa kuligusa nisije nikaharibu na hilo."

Tanuru lilikuwa limefanya kazi yake. Lina swichi inayopima mvuto wa hewa bombani, na ikihisi bomba limezibwa hukataza moto kuwaka. Baridi iliwapata, sumu haikuwapata. Nikamwonyesha kila bomba, naye akanieleza yote kwa mpangilio zaidi kuliko mwanawe, kisha akaniuliza, "Siku ile ulinificha kwa nini?"

"Niliona haya, bibi."

"Haya ya nini? Nani anayeshinda humu?"

Kwenye ripoti niliandika kosa ni la fundi. Meneja alisoma, akanirudishia leseni ambayo hakuwa ameichukua, yaani alinipigapiga begani tu. Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyoingia, Weston au kwingineko, niliuliza kwanza nani hushinda ndani, nikamfundisha huyo, awe na miaka themanini, awe ananiita mtoto.

Sasa nimestaafu, na magoti yananiambia hivyo kila ngazi. Wajukuu huniuliza kwa Kiingereza nilifanya nini hasa Kanada, nami huwajibu kwa Kiswahili. Niliweka matanuru. Watu wakalala, na asubuhi wakaamka wote.